Jembe Peke Yake Halitoshi

Ukimshauri mkulima wa Iguguno, wilayani Mkalama mkoani Singida, afanye mazoezi, jibu lake unaweza kulitabiri: "Mazoezi ya nini, na mimi nalima?" Jibu hilo lina uzito wake na si haki kulipuuza. Mtu aliyelima alizeti kwa jembe la mkono, akapalilia, akavuna, kisha akavipiga vile vichwa kwa fimbo hadi mbegu zikatoka, hawezi kuambiwa na mtu wa ofisini kwamba mwili wake umekaa bure. Hata hivyo presha na kisukari si maradhi ya matajiri wa Dar es Salaam pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Haya yanatokea katika nchi ambayo watu wake wengi hushika jembe. Kama jembe lingetosha, takwimu zetu zisingekuwa hivyo. Ninachokitetea hapa ni kwamba kazi ngumu ni kitu kimoja na mazoea ya afya ni kitu kingine. Mwili, roho na akili hutunzwa na mambo madogo yanayorudiwa kila siku kwa wakati wake, yanayofanywa pamoja na wengine, na yanayogawanywa kwa haki ndani ya kaya. Kazi isiyogawanywa na isiyo na mapumziko humchakaza mtu huku yeye mwenyewe akidhani inamjenga.

Ushahidi wa kwanza uko wilayani humu humu Mkalama. Wahadzabe wa kijiji cha Munguli, kata ya Mwangeza, ni ndugu wa Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, na kwa miaka mingi watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani wamekuwa wakija kuwapima Wahadzabe: mapigo ya moyo, usingizi, chakula, hata kiasi cha nguvu ambacho mwili hutumia kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa wastani hutumia dakika 135 kila siku katika shughuli za kuuchangamsha moyo, kama kutembea kwa kasi, kuchimba mizizi na kufuata mnyama. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki nzima. Presha ni haba kwao, hata kwa wazee. Hayo pengine mtu angeyategemea. Yanayoshangaza ni mengine mawili. Mwaka 2012 ilibainika kwamba, ukizingatia ukubwa wa miili, nguvu wanayotumia kwa siku inakaribiana na ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Maana yake ni kwamba faida ya kutembea haiko katika kuchoma mafuta mwilini kama wengi wanavyodhani. Iko katika kuuweka sawa moyo, mishipa na akili. Na mwaka 2020 ikabainika kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa kumi kwa siku wakiwa macho, sawasawa na watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa au hupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi kidogo kidogo, ilhali mtu wa kiti hukiachia kiti kazi yote.

Nisieleweke kwamba natamani watu warudi porini. Wahadzabe wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao, watoto wao wengi hufariki wakiwa wadogo, na wanaihitaji hospitali kama mtu mwingine yeyote. Ninachokichukua kutoka kwao ni kimoja: shughuli na mapumziko hupokezana siku nzima, mwaka mzima, na hakuna kipindi cha kufa kwa kazi kinachofuatwa na kipindi cha kukaa miezi bila kusogea.

Sasa uweke kando yake mwaka wa mkulima wa Singida. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Katika miezi hiyo watu huamka alfajiri, hulima, hupanda, hupalilia, kisha hufuata mavuno ya mtama, uwele, mahindi na alizeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba, upepo wa kiangazi unapovuma na mashamba yakiwa makavu, kazi ya jembe husimama kwa wengi, hasa wanaume. Hapo ndipo barabara inapoingia. Iguguno imekaa kwenye njia kuu, malori na mabasi yanapita usiku na mchana, na kando ya barabara yamejaa maduka, vibanda vya chipsi, mashine za kukamua alizeti na bodaboda. Aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kijiji cha jirani leo anapanda pikipiki. Kijana wa bodaboda anakaa kitini tangu asubuhi hadi usiku na anaita hiyo kazi, na kweli ni kazi, ila miguu yake haifanyi lolote. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris alichapisha utafiti uliolinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Wote walikuwa kwenye basi lilelile, kwa mwajiri yuleyule. Makonda waliopanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Kijiwe cha bodaboda pale stendi kingemfundisha Morris jambo hilohilo.

Kuna upande wa pili wa hoja hii ambao wakulima wenyewe wataukubali kwa haraka kuliko wataalamu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti zenye watu zaidi ya 190,000, ulikuta kwamba wanaume wenye kazi nzito za kutumia nguvu walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenzao wenye kazi nyepesi. Mazoezi ya hiari, kwa upande mwingine, hurefusha maisha. Wapo waliobisha; utafiti wa Norway wa mwaka 2021 ulipata picha tofauti, na mjadala haujafungwa. Lakini maelezo yanayotolewa yana mantiki. Anayekimbia nusu saa kwa hiari husimama akichoka. Anayebeba magunia hasimami hadi lori lijae. Moyo wake hufanya kazi kwa nguvu kwa saa nyingi, mgongo umepinda, na kesho anaanza tena kabla mwili haujajirudi. Jasho ni lilelile, ila mmoja anajitawala na mwingine anatawaliwa na kazi.

Hapa lazima tuseme wazi ni nani katika kaya anayetawaliwa zaidi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 hivi, na mwanamke huibeba kichwani kutoka kisimani au kwenye bomba la kijiji, mara kadhaa kwa siku, kiangazi kama masika. Akirudi kuna kuni, kuna kutwanga au kupeleka nafaka mashineni, kuna watoto, kuna jiko. Kiangazi kinachomrudisha mwanaume kijiweni kwenye bao na stori hakimpunguzii yeye chochote. Mara nyingi humwongezea, kwa sababu maji huwa mbali zaidi. Kumwambia mwanamke huyo kwamba afya yake inahitaji mazoezi ni kumtania. Anachohitaji ni kukaa. Na hawezi kukaa mpaka mtu mwingine nyumbani asimame. Ndiyo sababu nasema mazoea ya afya ni jambo la kaya kabla hayajawa jambo la mtu mmoja. Mwanaume anayechukua baiskeli, akafunga madumu mawili na kwenda kuchota maji kila jioni, amefanya mazoezi yake na amempa mkewe mapumziko yake, vyote katika safari moja. Najua watakaosema kwamba mila hairuhusu. Lakini vijana wa kiume wanaouza maji kwa baiskeli na mikokoteni wapo katika miji mingi nchini, na hakuna anayewacheka kwa kuwa wanalipwa. Kama maji ya kuuza hayamshushi mwanaume hadhi, ya nyumbani kwake yatamshushaje?

Kuhusu chakula sina mengi, kwa maana Singida imebarikiwa. Ugali wa mtama au uwele kwa mlenda, na kuku wa kienyeji ikipatikana nafasi, ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe hana cha kukosoa. Tatizo ni vinavyokisukuma pembeni: sembe nyeupe badala ya dona, chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyotumika tangu jana, soda kila mchana, sukari vijiko vinne katika kikombe kimoja cha chai. Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Anayenyunyiza chumvi mbichi juu ya mboga iliyokwisha kuungwa, kabla hata hajaionja, anaweza kukimaliza kijiko hicho mapema sana. Kukiondoa kikopo cha chumvi mezani hakugharimu hata senti moja.

Niende kwenye akili, ambako ukimya wetu ni mkubwa zaidi. Katika mikoa ya kati ukitaja ugonjwa wa akili, watu huwaza Mirembe, hospitali ya Dodoma, na mtu aliyevua nguo barabarani. Huzuni isiyoisha, kukosa usingizi kwa mawazo ya madeni, hasira zinazomwangukia mtoto, pombe ya kila jioni ya kusahau, hayo hayahesabiwi kuwa maradhi, yanaitwa maisha. Mwanaume hasa hufundishwa kuyameza. Na bado dawa yake ya kwanza ni nafuu kupita dawa zote, yaani mtu wa kusemezana naye. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 na kukuta kwamba wenye uhusiano imara na ndugu, marafiki na jirani walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wapweke, tofauti inayokaribia ile ya kuacha sigara. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, kuwafundisha mabibi wa kawaida namna ya kumsikiliza mtu aliyelemewa na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, kutokana na wagonjwa 573, yalionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Lililofanya kazi pale ni mpangilio: bibi yuleyule, benchi lilelile, siku iliyopangwa, na masikio yasiyopeleka maneno sokoni.

Iguguno ina mabenchi na ina wazee. Ina vikundi vya kuweka na kukopa ambamo akina mama hukutana kila wiki. Kijiwe cha wanaume nacho si kibaya kwa asili yake. Watu hucheka pale, na kicheko ni afya. Kasoro yake ni kwamba mazungumzo huzunguka mpira na siasa, na mwenye lake zito huondoka nalo. Inatosha wawili wakubaliane, tena kwa maneno, kwamba kila Jumapili jioni wataulizana hali za nyumbani kwa kweli na si kwa salamu. Salamu zetu ni ndefu na nzuri, ila zina hatari moja: jibu lake ni "nzuri" hata pale nyumba inapoungua.

Roho ina ushahidi wake pia, na siogopi kuuleta katika makala ya afya, kwa sababu hapa Singida ibada ndiyo ratiba imara kuliko zote. Kwaya za Kilutheri, Kikatoliki na za Kipentekoste hufanya mazoezi katikati ya wiki. Msikitini watu hukutana mara tano kwa siku, wakisimama, wakirukuu na kusujudu. Utafiti uliowafuatilia wauguzi wanawake wapatao 74,500 wa Marekani kwa miaka 16, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 33 kulinganisha na wasiohudhuria kabisa. Sehemu ya sababu ilikuwa msaada wa wenzao, kutovuta sigara na kutokata tamaa. Na mwaka 2001 madaktari wa Italia waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini wakakuta kwamba pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, kasi inayoutuliza moyo na kusaidia mwili kuidhibiti presha. Mwenye uradi wake baada ya swala ya alfajiri ana nafasi hiyohiyo ya kutuliza pumzi, asipoukimbiza.

Atakuja mtu na kusema: kama ndivyo, basi sala inatosha, hospitali ya nini? Hapana. Hoja hiyo imeua watu. Aliyeacha vidonge vya presha kwa kuwa ameombewa, au mwenye kifafa aliyefungiwa ndani ili mapepo yatolewe wakati dawa zake ni za bei nafuu, ametendewa dhuluma kwa jina la imani. Makanisa yenyewe yalishaijibu hoja hiyo kwa matofali: Hospitali ya Iambi, iliyomo Mkalama, ni ya Kilutheri. Waliosali ndio waliojenga wodi. Kiongozi wa dini anayemwombea mgonjwa kisha akamsindikiza kwa daktari amefanya kazi yake yote. Anayemzuia asiende amefanya nusu, na nusu hiyo ni ya hatari.

Pingamizi lililo zito kupita yote ni la muda na umaskini. Mtu asiye na uhakika wa chakula cha mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu na mahindi mapya bado mabichi, atayasikiliza haya kwa sikio gani? Nakubali kwamba njaa, maji ya mbali na zahanati isiyo na dawa haviondolewi na mazoea ya mtu, na serikali haiwezi kujificha nyuma ya ushauri wa kutembea kwa miguu. Lakini ndiyo maana mambo niliyoyataja hayana gharama, na mengi hayahitaji hata muda mpya. Huko London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujijengea zoea moja kila mmoja, wakilifunga kwenye jambo wanalolifanya tayari, mfano baada ya kifungua kinywa. Zoea lilichukua wastani wa siku 66 kukaa lenyewe bila kulazimishwa. Kwa wengine siku 18 tu, kwa wengine ilikadiriwa kufika 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hili la mwisho linafaa kutangazwa, kwa kuwa wengi wetu tukikosa siku mbili hujiona tumeshindwa na kuacha moja kwa moja.

Kwa kipimo hicho tunaweza pia kuzihukumu kampeni zetu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nia ilikuwa njema na iliwatoa watu wengi barabarani. Tatizo ni kwamba jambo la mara moja kwa mwezi ni sherehe, halijawa zoea. Jioni ya kila siku ya kwenda kuchota maji ina nguvu kuliko Jumamosi 12 za mwaka. Hali kadhalika, ushindi wa Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu wa Singida, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, unastahili fahari yote tuliyompa. Ila mtu wa miaka 50 mwenye tumbo na magoti yanayouma hatakiwi kumuiga Simbu. Ashuke tu kwenye bodaboda kilometa moja kabla ya nyumbani, atembee iliyobaki, na kiangazi alifanye hilo bila kukosa.

Lipo moja ambalo si zoea la kila siku na bado linatangulia mengine. Presha haina dalili kwa wengi. Mtu hulima nayo, huimba kwaya nayo, hadi siku kiharusi kinapomwangusha upande mmoja. Kuipima huchukua dakika chache na hakuumi. Kwa hiyo msomaji uliyefika miaka 40 na hujawahi kufungwa kile kitambaa mkononi, nenda zahanati wiki hii, na mwenzako wa nyumbani uende naye.